Kikombe cha Sellah, Maziwa ya Mheshimiwa

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe sita mwezi wa tatu, mwaka wa elfu mbili ishirini na tano, saa nne hivi za asubuhi, ndani ya zizi la Jairus, nje kidogo ya mji wa Kitale.

Wanaomjua watabisha. Watasema mambo ya Jairus yaliharibika zamani, Agosti ile mkewe Sellah alipokufa kwa kansa ya titi, miaka miwili na nusu kabla ya hapo. Ni kweli Agosti ile ilimvunja. Lakini Agosti ile angalau alijua ni nani wa kulaumiwa. Alikuwa na orodha ya vyeo kichwani, kutoka mkubwa hadi mdogo, na kila akikama ng'ombe alikuwa akiikariri kama sala. Alhamisi hiyo ndiyo iliyomnyang'anya orodha, ikamwachia kikombe.

Orodha yenyewe haikuwa ya uongo. Kulikuwa na nesi wa zahanati, aliyeguza uvimbe wa Sellah mara moja tu, kama anayeguza nyanya sokoni bila nia ya kununua, akasema ni mafuta. Kulikuwa na daktari aliyekuwa kwa mgomo, na wakubwa waliomfanya agome. Na juu ya wote kulikuwa na mashine. Sellah alihitaji mashine ya mionzi, na mashine ilikuwepo. Jairus aliiona kwa macho yake kupitia dirisha: imekaa kwa chumba chake miezi saba, imefungwa nailoni kama godoro jipya, kwa sababu mkubwa wa kuja kukata utepe alikuwa hajapata nafasi. Alipopata nafasi, Sellah alikuwa na siku kumi na moja kaburini.

Kwa Wabukusu, siku ya tatu baada ya mazishi watu hukutana kwa lufu. Waliofiwa hunyolewa, halafu mwenye msiba husimama akaeleza ugonjwa ulianza vipi na ulimaliza vipi, ili isije ikasemwa kando kando kwamba fulani alimroga fulani. Jairus alisimama, kichwa kipya kinang'aa kama sufuria, akaeleza. Alipofika kwa ile mashine akatokwa na sauti ambayo hata yeye hakuijua. "Mke wangu hajakufa na ugonjwa," alisema. "Amekufa akingojea utepe."

Watu walipiga makofi. Kwa lufu watu hawapigi makofi. Na hapo ndipo shetani alimwingia, maana Jairus, mtu wa darasa la tano, ambaye maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwambia asimame aseme kitu, aligundua kwamba makofi ni matamu.

Kuanzia hapo akawa mtu wa kuitwa matangani. Alinunua koti la kazi hiyo. Alihutubia Moi's Bridge, akahutubia Kapsokwony huko juu ambako pikipiki zenyewe hupanda zikilia, alisema mahali ambapo hakumjua hata marehemu. Haikujalisha mtu alikufa na nini. Kuna mzee alipigwa na radi akiwa anachunga, na hata kwa huyo Jairus alifika kwenye mashine kabla hajamaliza salamu. Watu wakamwita Mzee wa Mashine. Alijifanya hapendi hilo jina. Alilipenda kuliko koti.

Kulikuwa na sikio moja tu ambalo halikuwa limesikia hotuba hiyo, na ndilo lililokuwa na haki ya kuisikia kwanza. Rahab, mama yake Sellah, alikuwa mzee wa miaka themanini na sita kule Sirisia, na miguu yake ilikataa safari ya Kitale siku ya mazishi na siku ya lufu. Kwa hivyo hakuwahi kuelezwa na mkwe wake mwenyewe, kwa mdomo wake, mtoto wake alikufaje. Sasa watu wa Sirisia walikuwa wamepanga ibada ya ukumbusho nyumbani kwa mama, Jumamosi baada ya Pasaka, na Jairus alikuwa ametumiwa ujumbe: njoo usimame mbele ya mama, useme. Alifurahi. Alianza kunyoosha koti karibu miezi miwili kabla.

Ndipo ikaja hiyo Alhamisi.

Jirani yake Gicheru alifika na msichana aliyevaa gambuti za kijani. Gicheru ni wa familia zile zilizotoka upande wa Nyeri kununua mashamba Trans-Nzoia wakati wa baba zao, na ndiye aliyemuuzia Jairus mama wa ng'ombe wake wa sasa. Alisema huyu ni daktari wa mifugo, jina lake Joan, anatoka chuo, anazunguka kijiji kizima akitoa damu kidogo kwa kila ng'ombe kwa utafiti. Kwake ameshatoa. Hakuna malipo wala hakuna kulipwa.

Jairus alimfungulia, lakini kwanza alimpa hotuba fupi juu ya watu wanaokuja kuchukua damu ya maskini na hawarudi na jibu. Msichana alisikiza mpaka mwisho, jambo ambalo lilimuudhi Jairus kidogo, maana alizoea wasomi wa kumkatiza. Halafu akamwendea Mheshimiwa.

Mheshimiwa alikuwa ng'ombe wa gredi, wale wa mbegu ya kizungu, mweusi na mweupe, miaka tisa. Jairus alimpa jina hilo kwa sababu alikuwa anakula kwanza halafu anaangalia watu. Tofauti ilikuwa kwamba huyu, mwisho wa siku, alitoa kitu. Joan alimpapasa shingoni, akapapasa tena, akauliza hizi tezi zimevimba tangu lini. Jairus akasema ni nyigu. Joan akauliza, kwa sauti ya kuuliza saa, kama hapa sindano moja hutumika kwa ng'ombe wote.

"Sindano ni sindano, daktari," Jairus alisema. "Si naisuuza."

Gicheru aligeuza shingo polepole. Kwa miaka kumi na tano Jairus ndiye aliyedunga ng'ombe wa mtaa ule wote, wa Gicheru wakiwemo, na sindano moja nene aliyoirithi kutoka kwa mzungu mmoja, kwa mkono ambao yeye mwenyewe aliuita mkono wa baraka. Joan alitoa daftari. Aliandika tu. Mtu akiandika bila kusema kitu, ujue umesema sana.

Basi Jairus akataka kujua hiyo damu inatafutwa nini. Joan akaeleza kwamba kuna virusi inayokaa kwa damu ya ng'ombe, inapita kwa sindano, kwa mainzi wa kuuma, kwa maziwa kwenda kwa ndama. Ng'ombe wengi wanaishi nayo wala huwezi kujua, wachache wanavimba tezi. Jairus akauliza kama inashika watu. Alikuwa anauliza kwa ushindani tu, ili aonekane mtu wa maswali. Msichana akafunga kichupa cha damu, akasema, "Sitaki kukudanganya, mzee, na sitaki kukuogopesha."

Alichosema baada ya hapo Jairus alikuja kukikumbuka neno kwa neno, yeye ambaye hata amri kumi hufika sita akapotea. Alisema kuna watafiti katika nchi za mbali waliopima matiti ya wanawake wenye kansa wakakuta alama za virusi hiyo ya ng'ombe, tena zaidi kuliko kwa wanawake wasio na kansa. Wengine wakatafuta vilevile, kwa wanawake wengine, wasipate hata chembe. Kwa hivyo ni jambo linalowezekana, na halijathibitishwa, na hakuna mtu mwaminifu anayeweza kusema ndiyo inayoleta. Alisema maziwa yakichemshwa, virusi hiyo inakufa, basi.

Jairus akacheka. Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo: alicheka. Akapiga ubavu wa Mheshimiwa kofi la kirafiki, akamwambia msichana kwamba katika boma hili maziwa hayajawahi kuona moto. Maziwa ya kuchemsha ni ya watu wa mjini ambao hawajui yametoka kwa nani. Akasema, kifua mbele, "Mama wa hii nyumba alikunywa kikombe kila asubuhi, ya moto kutoka kwa chuchu, miaka ishirini na tisa. Mimi mwenyewe nampelekea kitandani. Uliza huyu Gicheru."

Gicheru alikuwa anaangalia viatu vyake. Joan alikuwa amesimama na kichupa mkononi, akamuuliza taratibu mama yuko wapi.

Gicheru alielekeza kidevu kwa kaburi nyuma ya nyumba. Hata Mheshimiwa aliacha kutafuna. Na Jairus, ambaye alikuwa amesikia sauti yake mwenyewe katika matanga zaidi ya arobaini na kuipenda kila mara, aliisikia kwa mara ya kwanza kama mtu mwingine anavyoisikia.

*

Hicho kikombe kina historia, na historia yenyewe haimpendezi.

Mwaka wa tisini na tatu, Jairus alipoenda Sirisia kuongea mambo ya mahari, hakuwa na mengi ya kujivunia. Hakuwa na kazi ya ofisi, meno ya mbele yalikuwa na nafasi, na wazee wa upande wa Sellah walikuwa wanamtazama kama mbegu iliyotobolewa na dumuzi. Ndipo akasimama akasema kwake Kitale kuna ng'ombe wa gredi, na kwamba binti yao hatapambazukiwa hata siku moja bila kikombe cha maziwa. Wazee walicheka, wakasema hiyo ni ahadi ya kijana mwenye njaa ya mke. Yeye akaishika kama kiapo. Alinunua kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu, na kila alfajiri alikama hapo hapo ndani ya kikombe mpaka povu likapanda, akakibeba nyumbani akiwa ameshikilia na mikono miwili kama mtu wa meza ya Bwana.

Miezi ya kwanza Sellah alimwambia, "Baba yake, si tuchemshe kidogo." Aliitwa Baba yake kabla hata hawajapata mtoto, ndivyo alivyopendwa. Jairus akamwambia kuchemsha kunaua nguvu ya maziwa. Nani alimwambia? Hakuna. Alijisikia tu akisema, na kwa sababu aliyasema kwa sauti nene yakawa sheria. Sellah akawa anakunywa. Alikuwa anafumba macho na kushika pumzi, na mumewe aliyesimama mlangoni akingojea kikombe alidhani huko ndiko kufurahia.

Alhamisi ile, Joan alipoondoka, Jairus alijaribu kuchemsha maziwa. Mzee wa miaka sitini na mbili, hajawahi. Aliweka sufuria jikoni akaenda kufunga lango, akarudi akakuta yamefura, yamemwagika, yamezima moto, na yaliyobaki chini yameungua rangi ya chai. Gicheru alimkuta anakwangua sufuria kwa kisu. Hakumcheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alimshauri kama jirani: aachane na maneno ya watoto wa chuo, wao wenyewe wamesema hawajui. Aende Sirisia aseme ile yake ya mashine, watu wameizoea.

"Marehemu hajauliza kitu, Jairus," Gicheru alisema. "Wewe unamjibu nini?"

Yalikuwa maneno mazuri. Jairus aliyachukua akaenda nayo wiki sita na zaidi, na yangemfikisha mbali, kama Joan hangepiga simu. Kinyume na hotuba aliyopewa, msichana alirudi na jibu. Mheshimiwa alikuwa nayo hiyo virusi. Ndama wake wa mwaka juzi pia. Ng'ombe wa Gicheru, wanne kati ya sita. Akarudia tena, polepole, kwamba hiyo haisemi chochote juu ya mama: ng'ombe kuwa nayo ni jambo moja, mtu kuipata ni jambo la pili, na kansa ni jambo la tatu, na kati ya hayo matatu hakuna daraja ambalo mtu amelijenga likasimama. Jairus alimuuliza kama kuna mahali pa kupima. Joan akasema pengine, kama ile nyama iliyokatwa kwa titi kwa ajili ya vipimo bado imehifadhiwa, na kama kuna maabara itakubali, na kama familia itataka. Kama tatu. Jairus alizihesabu.

Siku iliyofuata alivaa koti akaenda kuuliza hiyo nyama. Kwenye dirisha la hospitali alikaa kwa foleni mpaka saa saba, akaambiwa faili haionekani, mwenye funguo ameenda semina, rudi Jumatatu. Na hapa lazima isemwe ukweli hata kama ni aibu: aliposikia "rudi Jumatatu" moyo wake ulipoa. Alitembea kurudi stendi akiwa mwepesi kama mtu aliyelipiwa chai. Kumbe wakubwa wa kulaumiwa bado wapo! Wamepoteza hata kipande cha mwisho cha mke wake. Alianza kuitunga hotuba palepale njiani, na ilikuwa inakuja vizuri, mpaka alipofika nyumbani akakuta kikombe kimefunikwa juu ya rafu, pale alipokiacha Sellah.

*

Kulikuwa na jambo moja ambalo halingeweza kungoja Jumatatu ya mtu yeyote. Binti yake wa pekee, Phelista, anayeuza nguo sokoni Bungoma, alikuwa amejifungua miezi minne iliyopita, na tangu siku ya kwanza Jairus alikuwa anamtumia maziwa kwa dereva wa matatu, lita tano kila Jumamosi, na maagizo kwa simu: yanywe hivyo hivyo, mtoto apate nguvu. Alikuwa ameyatuma hata Jumamosi iliyotangulia ile Alhamisi. Tangu hapo alikuwa ametoa visingizio. Sasa visingizio viliisha, na ukumbusho ulikuwa siku inayofuata, na njia ya Sirisia inapita Bungoma.

Phelista alimpokea, akampa mtoto amshike, akapika chai. Jairus alizunguka maneno kama kuku anayetafuta pa kutagia. Aliuliza habari ya sokoni mara mbili. Mwishowe akamwambia asinywe tena yale maziwa mabichi, ati kuna homa ya ng'ombe imeingia Kitale.

Phelista alimtazama, akaanza kucheka, halafu akaona uso wa baba yake akaacha.

"Baba, mimi sijawahi kunywa maziwa mabichi maisha yangu," alisema. "Mama alikuwa anachemsha yetu ukishaenda shamba. Anafunga mlango wa jikoni, anafungua dirisha harufu itoke. Alituambia tusikwambie, utajisikia vibaya."

Jairus alikaa na mtoto mapajani. Miaka yote hiyo nyumba yake ilikuwa na siri, watu wadogo wananong'ona, mkubwa anapewa ripoti ya kumfurahisha. Alijua ofisi za namna hiyo. Alikuwa amezitukana kutoka Moi's Bridge mpaka Kapsokwony. Ila hakujua kwamba kuna moja ambayo mkubwa wake ni yeye.

"Na yake?" aliuliza. "Yake alikuwa anachemsha?"

Phelista aligeuka akashughulika na sufuria ambayo haikuhitaji kushughulikiwa.

"Yake ulikuwa unasimama hapo mlangoni, Baba. Unangojea kikombe."

*

Sirisia walikuwa wameweka hema moja na viti vya kukodi. Levi, kaka yake Sellah, ndiye aliyeongoza maneno. Mheshimiwa fulani, wa miguu miwili huyu, alikuwa ameahidi kuja na hakuja, na kila mtu aliyemsalimia Jairus alimwambia kwa jicho kwamba leo ampige sawasawa. Hajawahi kupewa mlango mpana hivyo. Koti lilikuwa limenyooshwa. Alikuwa na utepe, alikuwa na nailoni, alikuwa na faili iliyopotea.

Rahab alikuwa amekaa mlangoni kwa nyumba yake, mbali na hema, ubavu umeelekea watu. Mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawatazamani usoni, na maneno yao hupitia kwa mtu wa katikati. Kwa miaka thelathini na miwili Jairus alikuwa ameona zaidi kitambaa cha kichwa cha huyo mama kuliko uso wake. Jina lake mwenyewe hajawahi kulisikia kinywani mwa mama huyo.

Alisimama. Alianza vizuri kwa mazoea, akasema uvimbe ulianza lini, nesi alisema nini. Alifika kwa mashine. Watu walijiweka sawa kwa viti, wengine walishaanza kutikisa vichwa. Naye akanyamaza pale kwenye nailoni, akatafuta neno linalofuata, ambalo amelisema mara arobaini, asilione.

Akasema kwamba hayo yote ni kweli na hayaondoi hata moja. Wakubwa walichelewa, na mashine ilikaa, na Mungu atawauliza. Lakini kuna kitu amekuja kusema ambacho hakukisema kwa lufu kwa sababu hakukijua, na amekijua, na mama ana haki. Akatoa kikombe mfukoni mwa koti. Kilikuwa kimevimbisha lile koti asubuhi nzima, watu walidhani ni Biblia.

Aliwaeleza virusi, kwa Kiswahili chake cha darasa la tano, akikosea hapa na pale. Aliwaeleza kwamba wenye kusoma wamegawanyika juu yake, wengine wameiona, wengine hawakuiona, na kwamba ng'ombe wake anayo. Alieleza sindano. Aliwakumbusha ahadi ya mwaka wa tisini na tatu, na wazee wawili waliokuwepo wakatikisa kichwa kwamba wanaikumbuka.

"Niliahidi hapa hapa mtoto wenu hatakosa kikombe," alisema. "Hakukosa. Aliniambia tuchemshe, mimi nikakataa. Sasa sijui kama nilimpa maziwa ama nilimpa kifo. Nimezunguka hii dunia nikitafuta mkubwa aliyemuua mke wangu, na pengine nilikuwa namfunga vifungo vya koti kila asubuhi."

Mtu mmoja alicheka nyuma, akadhani bado ni utani, akanyamazishwa. Levi aliinuka nusu, akakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Jairus alibaki amesimama na kikombe, akingojea kile alichokuwa anakistahili: matusi, au faini ya ng'ombe, au kufukuzwa. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu. Alikuwa hata amepanga sura ya kufukuzwa nayo, maana mtu wa hotuba ni mtu wa hotuba.

Rahab aliomba fimbo yake. Levi alikimbia kupokea maneno, kama desturi, lakini Rahab akampita. Bibi alivuka uwanja wote ule, hatua baada ya hatua, mpaka akasimama mbele ya mkwe wake karibu kuliko mama mkwe yeyote aliyewahi kuonekana Sirisia. Akamwangalia usoni. Akakichukua kikombe kutoka mkononi mwake, akakigeuza, akachungulia ndani kama mtu anayetafuta majani ya chai.

"Jairus," alisema.

Wanawake walishika midomo.

"Huyo mtoto, kabla uje na gredi yako, mimi ndiye nilimpa maziwa. Mabichi. Ile yangu ya kienyeji hapo nyuma. Hata mimi mama yangu alinipa hivyo hivyo, na hata leo asubuhi nimekunywa." Akamrudishia kikombe, lakini hakuachilia mkono wake, wakabaki wamekishika wote wawili. "Wewe umesema makosa yako, nimesikia. Sasa nenda uulize huyo daktari wako, na wale wa nchi za mbali, na wakubwa wako wote wenye mashine. Kama ni maziwa, mbona ilichukua yeye, ikaniacha mimi?"